Supu ya Mbwa: Hivi Ndivyo Unaipika Nyumbani Bila Kumtia Mbwa Wako Kwa Shida

Jumapili jioni kwa keja nyingi hapa Kenya risto huwa ni moja. Nyama imeliwa, chapo zimeisha, na kwa sufuria kumebaki mchuzi kidogo na mifupa mitatu minne. Mtu anaongeza maji, anasuuza sufuria, anamwagia mbwa nje. Mbwa anamaliza chapu chapu, analamba bakuli mpaka inang'aa, na kila mtu anaamini amemfanyia poa.

Mara nyingi hakuna kitu kinatokea, na hapo ndipo watu hujisahau. Vitu vinavyoumiza mbwa kwa ule mchuzi, yaani kitunguu, chumvi, mafuta na mfupa uliopikwa, si lazima vimwangushe papo hapo. Vingine vinachukua siku kadhaa. Ikifika Alhamisi mbwa amelala tu, hataki kuamka, na wewe ushasahau alikula nini Jumapili. Unaanza kushuku jirani amemtegea sumu.

Sasa usiogope supu. Supu yenyewe haina ubaya, na mbwa wanaipenda vibaya sana. Shida ni vile sisi binadamu tunaipika. Hapa tumekupangia kila kitu: mifupa ya kununua, vitu vya kuacha nje ya sufuria, kiasi cha kumpa, namna ya kuiweka kama hauna friji, na wakati wa kuachana na supu ukimbie kwa daktari wa mifugo.

Supu inamsaidia mbwa na nini?

Tuanze na ukweli, kwa sababu mtandaoni kuna watu wanauza supu ya mifupa kama dawa ya kila kitu.

Supu ni maji kwanza. Mbwa ambaye hanywi maji vizuri wakati wa jua kali, ama mbwa mzee ambaye meno yameisha, atakunywa supu kwa raha. Inaongeza ladha kwa chakula kikavu na inakilainisha. Ukiipika muda mrefu, ngozi na viungo vya mifupa vinatoa jelatini, ile kitu inafanya supu igande kama jeli ikipoa. Hiyo ni protini kidogo, na haina neno.

Lakini supu haijazi tumbo la mbwa kwa maana ya lishe. Watu wengi hufikiria kwa sababu imetoka kwa mifupa basi imejaa kalsiamu. Hapana. Kalsiamu nyingi inabaki kwa mfupa; inayoingia kwa maji ni kidogo sana. Hii ni muhimu haswa kama unalea kapapi ka German Shepherd ama mbwa mwingine mkubwa. Mtoto wa mbwa akikuzwa na ugali na supu peke yake, mifupa yake inakosa madini na miguu inaweza kupinda. Supu ni ya kuongezea. Chakula kamili kinabaki kuwa chakula kamili.

Sheria kubwa: tenga ya mbwa kabla ya kitunguu

Kama hautakumbuka kitu kingine kwa hii stori yote, kumbuka hii. Supu ya mbwa inatoka kwa sufuria kabla kitunguu hakijaingia. Hauhitaji kupika mara mbili wala kuchoma gesi mara mbili. Chemsha nyama ama mifupa kwa maji matupu vile watu wengi huanza, chota ya mbwa uiweke kando, halafu endelea na yako: kaanga, weka dania, weka chumvi, fanya mambo yako.

Kwa nini kitunguu ni ngori hivyo? Kitunguu kina kemikali zenye salfa ambazo tumbo la binadamu linazimudu bila shida. Kwa mbwa, zinashambulia chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Damu inapungua kutoka ndani, hakuna jeraha linaloonekana. Siku kadhaa baadaye mbwa anakuwa mnyonge, ufizi wake unakuwa mweupe badala ya kuwa na rangi ya waridi, anapumua haraka haraka hata kama amelala, na mkojo unaweza kugeuka rangi ya chai ya rangi ama mwekundu.

Ni kiasi gani kinatosha kumuumiza? Madaktari wa mifugo huhesabu kwamba hatari inaweza kuanza mbwa akila kitunguu kinachozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wake kwa mara moja. Piga hesabu: mbwa wa kilo 20, hiyo ni gramu 100, karibu kitunguu kimoja cha saizi ya kati. Kale ka mbwa kadogo ka kilo 5 kanahitaji gramu 25 tu, kama robo ya kitunguu. Na usisahau ya kidogo kidogo kila siku: damu inapigwa leo, inapigwa kesho, kabla mwili haujapata nafasi ya kuijaza.

Kuna watu husema, "Lakini si kimeiva?" Kuiva hakusaidii. Hiyo sumu haiishi kwa moto, na inaingia kwa maji ya supu, kwa hivyo hata ukitoa vipande vya kitunguu bado mchuzi unayo. Kitunguu saumu, majani ya kitunguu na liki, zote ni familia moja. Unga wa kitunguu ni mbaya hata zaidi kwa sababu umekaushwa, na kijiko kimoja kinabeba kitunguu kingi.

Vitu vingine ambavyo havifai kuingia kwa supu ya mbwa:

*Viungo vya mchuzi vya paketi na vile vijiti vya supu.* Soma nyuma ya paketi. Utapata chumvi nyingi, na mara nyingi unga wa kitunguu ama kitunguu saumu. Kijiti kimoja kidogo kimetengenezwa kukolea sufuria ya familia nzima, sasa fikiria kikienda kwa bakuli ya mbwa mmoja.

*Chumvi.* Mbwa anapata chumvi ya kutosha kwa nyama na chakula chake. Sumu ya chumvi inaweza kuanza kuonekana akila kama gramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mbwa wa kilo 5 hiyo ni gramu 10, hata vijiko viwili vidogo vya chai havijafika. Mbwa aliyezidiwa na chumvi anatapika, anakuwa na kiu isiyoisha, anatembea kama amelewa, na anaweza kupata kifafa.

*Pilipili na viungo vya pilau.* Pilipili inachoma tumbo lake bure. Kungumanga nyingi ni sumu kwa mbwa. Na kama pilau yako iko na zabibu kavu, weka hiyo sahani mbali kabisa, kwa sababu zabibu zinaweza kuharibu figo za mbwa na hakuna mtu anajua mapema ni mbwa gani itamkamata.

Cha kuongeza kama unataka supu iwe na uzito: karoti, malenge, ama kiazi kilichomenywa na kuiva vizuri. Basi. Mbwa hatafuti ladha ya hoteli.

Mifupa: ya kununua na ya kutupa

Bucha nyingi za mtaa huwa na mifupa ya mbwa kando, na bei yake ni ya chini. Kama uko Nairobi na karibu na Burma ama Kiamaiko, unajua vile kunakuwa na kichwa, miguu na mifupa ya kila aina. Kwa supu nzuri chagua zile zenye viungo na mishipa: miguu ya ng'ombe, magoti, shingo, miguu na vichwa vya kuku. Hizo ndizo zinatoa jelatini. Mfupa wenye uboho mwingi tumia kiasi, kwa sababu uboho ni mafuta.

Nusa kabla ulipe. Wauzaji wengine hutupia mbwa kile kimekataliwa na watu, na wewe unafikiria tumbo la mbwa ni la chuma. Nyama iliyoanza kunuka na kuteleza usibebe. Ulizia kama imetoka kwa mnyama aliyepimwa na kupigwa muhuri na mkaguzi wa nyama.

Sasa sikiza hapa vizuri. Mifupa inatoa supu, halafu mifupa inaenda kwa takataka. Usimpe mbwa mfupa uliochemshwa. Mfupa ukipikwa unakauka na kuwa mwepesi kuvunjika, na unavunjika kwa vipande vyenye ncha kali kama vya glasi. Wa kuku ndio mbaya kabisa, lakini wa mbuzi na wa ng'ombe pia uko kwa list. Kipande kinaweza kukwama kooni, kutoboa utumbo, ama kujaa kwa matumbo mpaka mbwa ashindwe kujisaidia. Kumtoa mfupa mara nyingi ni upasuaji, na upasuaji ni doo ambayo haukuwa umepanga.

Najua utasema mbwa wa ocha wamekula mifupa tangu zamani na wako fiti. Wale unaowaona ni waliopona. Wale mfupa uliwamaliza walizikwa nyuma ya shamba na ikasemwa "mbwa alikufa tu."

Na ukitupa, funika. Mbwa aliyenusa hiyo supu kwa masaa matatu ataifuata mifupa mpaka kwa pipa. Pipa liwe na kifuniko kizito, ama uizike kwa shimo refu.

Namna ya kupika, hatua kwa hatua

1. Osha mifupa kwa maji safi. Kama ni miguu ya kuku, toa ile ngozi ngumu ya njano na ukate kucha.

2. Weka kwa sufuria kubwa na umwage maji mpaka yapite mifupa kwa kama vidole vitatu. Ukitaka, ongeza kijiko kimoja cha siki. Si lazima.

3. Ikianza kuchemka, utaona povu la kijivu juu. Litoe na kijiko. Halina sumu, lakini supu itakuwa safi na itakaa vizuri.

4. Punguza moto iendelee mos mos. Kwa jiko la makaa ama gesi, masaa matatu mpaka manne yanatosha. Kwa presha kuka, kama saa moja na nusu. Ongeza maji yakipungua. Hauhitaji yale masaa 24 watu wa mtandaoni huimba. Hapo unachoma gesi ya bure.

5. Kama unataka karoti ama malenge, weka dakika 20 za mwisho.

6. Chuja na kichujio chenye matundu madogo, mara mbili kama umetumia kuku. Vile vifupa vidogo vya miguu na shingo hupenda kujificha chini. Nyama iliyoachana na mfupa unaweza kurudisha, lakini ipitishe kwa vidole kwanza. Vidole vitahisi kile macho hayajaona.

7. Acha ipoe. Kwa friji, mafuta yatapanda juu na kugandana kama kifuniko cheupe. Yatoe yote. Kama hauna friji, weka sufuria kwa karai la maji baridi, subiri mafuta yapande, uyachote na kijiko.

Hiyo hatua ya saba watu huiruka, wakifikiria mafuta ni utamu na nguvu. Mafuta mengi kwa mara moja yanaweza kuwasha kongosho la mbwa. Kongosho likivimba, mbwa anatapika tena na tena, hataki chakula, tumbo linamuuma mpaka anainamisha kifua chini na kuinua makalio juu kama mtu anasujudu. Hiyo ni kazi ya daktari, na wengine hawatoki. Kwa hivyo hata ile ngozi ya kuku na mafuta ya choma, usimpe kwa sababu anakuangalia na macho ya huruma.

Ampe kiasi gani?

Kanuni ambayo madaktari wa mifugo hutumia ni hii: vitu vya ziada visipite asilimia 10 ya nguvu yote anayopata kwa siku. Supu iliyotolewa mafuta haina nguvu nyingi, kwa hivyo vipimo hivi ni salama kwa mbwa mzima mwenye afya, kwa siku:

Mbwa mdogo, chini ya kilo 10: vijiko viwili mpaka vitatu vikubwa.

Mbwa wa kati, kilo 10 mpaka 25, hapo ndipo wengi wa mtaani wanaingia: robo mpaka nusu kikombe.

Mbwa mkubwa, zaidi ya kilo 25: nusu mpaka kikombe kimoja.

Mara ya kwanza anza na kijiko kimoja ama viwili, halafu ungoje siku moja. Kama choo kiko sawa, endelea. Akianza kuhara, punguza ama uache. Ipe ikiwa vuguvugu. Tone kwa mkono wako lisikuchome. Na supu haichukui nafasi ya maji. Bakuli ya maji safi ikae hapo kila wakati.

Kama mbwa wako ana ugonjwa wa figo, wa moyo, wa ini, ama aliwahi kuugua kongosho, uliza daktari wake kabla ya kijiko cha kwanza.

Kuweka: na friji, na bila friji

Supu ni chakula cha bakteria kabla iwe chakula cha mbwa. Ikikaa nje kwa joto la kawaida zaidi ya masaa mawili, inaanza kuharibika, na kwa joto la Mombasa ama Kisumu usijaribu hata kufika hapo.

Kwa friji inakaa siku tatu mpaka nne, ikiwa kwa chombo kilichofunikwa. Kwa friza, miezi miwili mpaka mitatu. Ujanja rahisi ni kumwaga supu kwa trei ya barafu: kila asubuhi unatoa vipande viwili, unayeyusha, umemaliza.

Kama hauna friji, usipike sufuria kubwa. Nunua mifupa ya siku hiyo, pika kidogo, mpe, na inayobaki itumike kabla masaa mawili yaishe. Ile tabia ya kuacha supu kwa jiko usiku kucha halafu kuichemsha asubuhi "iue viini" inadanganya watu. Moto unaua bakteria wengi, lakini sumu zingine ambazo bakteria waliacha kwa supu hazitoki kwa kuchemsha. Ikinuka uchungu, ikiwa na mapovu ama utelezi, mwaga.

Ukichanganya na ugali, angalia unga kwanza

Mbwa wengi Kenya wanakula ugali uliolainishwa na supu, labda na omena kidogo. Haina shida kama unga ni mzima. Tatizo ni ile desturi ya kusema "hii mahindi imeshika ukungu, haifai watu, wape mbwa."

Wakenya wanajua sumukuvu. Mwaka wa 2004, sehemu za Ukambani, haswa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye hiyo sumu. Kile kiliua watu kinaua mbwa pia, na ini la mbwa halina uvumilivu kwa sumukuvu. Kupika ugali hakuiondoi, na supu tamu inamfanya mbwa ale unga ambao pua yake ingekataa. Mbwa aliyepatwa anaacha kula, anatapika, anachoka, halafu macho na ufizi vinageuka manjano. Unga wenye ukungu haufai mtu, haufai kuku, haufai mbwa.

Maini na mapafu: hapa si mbwa peke yake, ni familia

Kuna wale huona kupika ni kazi mingi, wanamtupia mbwa maini, mapafu na matumbo yakiwa mabichi siku ya kuchinja. Hii sehemu inakuhusu wewe na watoto wako.

Kuna mnyoo mdogo sana unaokaa kwa utumbo wa mbwa. Mayai yake yanatoka na choo, yanafika kwa nyasi, na ng'ombe, mbuzi, kondoo ama ngamia anayala. Ndani ya mnyama huyo yanageuka uvimbe uliojaa maji, kwa ini ama mapafu. Mbwa akila hicho kiungo kibichi, mnyoo unaanza upya. Na mtu akishika mbwa ama choo chake halafu ale bila kunawa, ule uvimbe unaota ndani yake. Unaweza kukua miaka mingi kimya kimya mpaka tumbo livimbe, na mara nyingi kuutoa ni upasuaji.

Turkana ni kati ya sehemu ambazo zimewahi kurekodi viwango vya juu zaidi vya huu ugonjwa duniani, na shirika la AMREF lilianzisha mradi wa kupambana nao huko tangu 1983. Sababu moja kubwa ni watu na mbwa kuishi karibu sana, na mbwa kula viungo vibichi vya mifugo.

Suluhisho ni sufuria. Kata maini na mapafu vipande vidogo, chemsha kwa dakika 30 ama zaidi mpaka ndani kusiwe na damu. Ukiona kiungo kina malengelenge yenye maji, usikipike hata. Kichome ama ukizike chini kabisa mbwa asikifukue. Mpe mbwa dawa ya minyoo yenye prazikuanteli kwa ratiba ya daktari, na watoto wanawe mikono baada ya kucheza naye.

Mbwa akiwa mgonjwa, supu si dawa

Hapa ndipo watu wengi hupoteza mbwa wakiwa na nia nzuri kabisa.

Ya kwanza ni papi anayetapika na kuhara damu, haswa wa kati ya wiki sita na miezi sita. Fikiria parvo mara moja. Watu huanza na supu, wanaongeza maziwa, wanangoja kesho. Parvo inamaliza maji ya mwili haraka sana, na papi anayetapika kila kitu hatashika supu yako. Anahitaji maji ya mshipa, leo. Kinga yake ni chanjo kuanzia wiki sita mpaka nane, inayorudiwa mpaka apite wiki 16. Na kama papi mmoja amekufa na parvo hapo kwako, usilete mwingine ambaye hajachanjwa, kwa sababu virusi hukaa kwa udongo miezi mingi.

Ya pili ni hatari kwa maisha yako. Mbwa anatoa mate mengi, taya limelegea, anataka kumeza na anashindwa, sauti imebadilika. Mtu anasema, "Amekwamwa na mfupa," anamshika mdomo, anaingiza mkono kutafuta, ama anajaribu kumnywesha supu kwa nguvu. Msee, toa mkono! Kichaa cha mbwa huonekana hivyo hivyo. Usimguse. Mfungie mahali peke yake ukiweza bila kumshika, weka watoto mbali, na upigie daktari wa mifugo ama ofisi ya mifugo ya kaunti.

Kama amekuuma, amekukwaruza ama mate yamegusa kidonda, osha hapo na sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu uende hospitali siku hiyo hiyo uanzishwe chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kenya ilizindua mkakati mwaka wa 2014 wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na mbwa wenye kichaa ifikapo 2030, na mpango wote unategemea mbwa wachanjwe kila mwaka. Kaunti huwa na siku za chanjo za bure ama za bei ya chini. Ukisikia gari la matangazo mtaani, mtoe mbwa nje.

Akishakula kitu kibaya, fanya nini?

Pima kwa macho: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na ana uzito gani. Hizo nne ndizo daktari atakuuliza kwa simu. Weka paketi ya kile alikula uende nayo.

Usimnyweshe maji ya chumvi atapike. Hapo umemwongezea sumu ya pili. Usimmwagie maziwa ama mafuta ya kupikia ukidhani yanasafisha. Akitapika yanaweza kuingia kwa mapafu. Kama ni mfupa ameumeza, usimtapishe kabisa, kwa sababu kilichoshuka bila kukwaruza kinaweza kukwaruza kikirudi.

Kama ni kitunguu, piga simu hata kama anaonekana yuko fiti, halafu umwangalie kwa siku tano: ufizi, mkojo, pumzi. Kama ni mfupa, angalia kutapika, tumbo kuwa gumu, kujikaza bila choo, ama choo chenye damu. Dalili moja inatosha kuondoka nyumbani.

Na tafadhali, hakikisha unayempeleka kwake ni daktari kweli. Mtaani kuna watu wana sindano na mfuko wa dawa lakini hawakusomea kitu. Kenya Veterinary Board ndiyo husajili madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na una haki ya kuuliza namba ya usajili. Tafuta namba ya simu ya daktari leo, mbwa akiwa mzima. Usiku wa manane wakati anatapika si wakati wa kuanza kuulizia kwa grupu ya ploti.

Kwa ufupi, bandika hii kwa mlango wa jikoni

Maji, nyama ama mifupa, na muda. Basi. Chota ya mbwa kabla ya kitunguu na chumvi. Chuja mara mbili, tupa mifupa, toa mafuta. Vijiko kwa mdogo, kikombe kwa mkubwa. Siku nne kwa friji, na bila friji isipite masaa mawili. Viungo vya ndani viive kabisa. Unga wenye ukungu usiingie kwa bakuli ya mtu yeyote.

Na Jumapili ijayo, wakati nyama inachemka na bado hujakata kitunguu, utasikia mtu anakuna mlango. Chota yake hapo hapo.